Mtoto alishiba kila siku, damu ikawa 6.4

Alianza kwa kulamba ukuta. Nyumba tuliyopanga Kirumba, hapa Mwanza, ina chumba cha nyuma ambacho lipu yake imebanduka, na mwanangu wa pili, akiwa na miezi kumi na mmoja, alikuwa akitambaa moja kwa moja hadi pale, anakwangua kwa kucha na kupeleka mdomoni. Nikamhamishia sebuleni, akahamia kwenye chungu cha maua barazani. Nikamkataza, nikampiga kofi la mkononi. Akalia kidogo, kisha akalala.

Usingizi ule ndio ningeutilia shaka mapema. Alilala asubuhi, akalala mchana, akiamka anakaa palepale alipowekwa. Majirani wakamsifu kuwa mtoto mtulivu, hana usumbufu. Nami nikaipokea sifa ile kwa furaha, kwa sababu dada yake mkubwa alipokuwa na umri ule hatukupumua.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na siku ambazo maboti ya visiwani yamechelewa narudi giza limeshaingia. Mtoto alibaki na binti anayenisaidia kazi, mwenyeji wa Bunda, na maagizo yangu kwake yalikuwa mafupi: mtoto asilie njaa. Akayatimiza. Asubuhi uji wa sembe mwepesi wenye sukari na maziwa. Saa nne chai ya maziwa na andazi la kuchovya. Mchana wali au ugali uliolowekwa kwenye mchuzi, mchuzi peke yake, maana minofu tuliona ni ya wenye meno. Jioni maziwa tena. Kila nikirudi nauliza, "Amekula?" Najibiwa, "Amekula, dada, amemaliza." Na ni kweli alimaliza. Mashavu yalijaa, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito wake ulikuwa ndani ya kijani.

Naanza na jambo hili la kijani kwa sababu ndilo lililonipumbaza. Nilidhani kadi ikiwa kijani mtoto ni mzima. Uzito unapima uzito. Mtoto anaweza kunenepa kwa wanga, mafuta na sukari huku damu inashuka taratibu, na mwili wake mdogo unaizoea hali hiyo wiki hadi wiki, kiasi kwamba mnaokaa naye hamuoni kitu.

Aliyeona ni nesi. Ilikuwa siku ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, mtoto ana mwaka mmoja na mwezi. Foleni ndefu, nimeacha magunia yangu kwa mwenzangu, nataka nimalize niondoke. Nesi akakishika kiganja cha mwanangu, akakikunjua, akatulia. Kisha akakiweka juu ya kiganja chake mwenyewe, akaniambia, "Mama, sogea uangalie." Cha nesi kilikuwa na wekundu unaoonekana chini ya ngozi. Cha mwanangu kilikuwa kama ndani ya ganda la yai. Akamvuta ukope wa chini, akanionyesha na pale. Nilikuwa nimemuogesha mtoto huyo kila jioni ya maisha yake, na sikuwahi kukitazama kiganja chake.

Wakamchoma kidole, tone moja likaingia kwenye mashine ndogo. 6.4. Nesi akanieleza kwamba hiyo ni hemoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu, gramu kwa kila desilita. Kwa umri wake wanatafuta 11 kwenda juu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Akaniandikia rufaa, akasema niende muda uleule, nisipitie sokoni. Nilikuwa sijamwambia kwamba nataka kupitia sokoni.

Tulilazwa siku mbili. Walimpima malaria, hakuwa nayo siku hiyo, ingawa miezi miwili nyuma alikuwa ametibiwa kwa dawa mseto. Walimpima selimundu, kwa sababu Kanda ya Ziwa ugonjwa huo upo kwa wingi na watoto wake hupungukiwa damu kwa namna nyingine kabisa, isiyotibika kwa chakula. Hakuwa nao. Walihesabu pumzi zake, wakasikiliza moyo. Mimi nilikuwa namfuata daktari kila anapopita. "Daktari, muongezee damu. Nitoleeni hata yangu." Akavuta kiti, akakaa, na hilo sikulitegemea kwa jinsi wodi ilivyojaa. Akasema damu ya kuongezwa huokoa maisha pale mtoto anapohema kwa shida au moyo unaposhindwa, na wa kwangu alikuwa anapumua vizuri. Damu ya mtu mwingine ina hatari zake, haitolewi ili mama apate utulivu. Halafu akasema hata akipewa, akirudi nyumbani kwenye sahani ileile, baada ya miezi kadhaa tutakutana hapohapo.

Sahani. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu mwanangu hakuwahi kulala njaa.

Siku ya pili akaja ofisa lishe na daftari. Nilijiandaa kumjibu vizuri. Nilitarajia aniulize mtoto anakula nini, nami ningemtajia mboga za majani, matunda, samaki, mayai, vyote ambavyo kweli huwa vinapita nyumbani kwangu. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Kabla hamjaja, siku ile ya mwisho nyumbani, alikula nini tangu alipoamka?" Nikaanza kuhesabu: uji, maziwa, chai, andazi, wali, mchuzi, maziwa. Anaandika tu. "Na siku ya kabla ya hapo?" Ilikuwa vilevile, ila badala ya wali ni ugali. Jaribu kujiuliza swali hilo kuhusu mtoto wako, la jana na la juzi, usijibu kwa unavyokusudia wala kwa unavyonunua. Mimi nilijikuta nasoma orodha ya vitu vyeupe.

Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikasema nauza dagaa. Akaiweka kalamu chini. "Na mtoto hajawahi kula dagaa?"

Sikuwa na jibu. Ninaweza kukueleza sasa, kwa sababu nimelifikiria kwa miezi.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unafungwa chini yao. Mbalamwezi ikichomoza vizuri kazi inapungua au inasimama, na sisi wa Mwaloni biashara yetu yote inahesabiwa kwa mwezi wa angani. Mzigo unashuka kutoka visiwani, unachambuliwa, unapimwa, unafungwa kwenye magunia, unapanda malori kwenda Dar es Salaam, Rwanda, Kongo. Dagaa safi wa kuliwa na watu bei yake ni moja, na waliovunjika, wenye mchanga au walionyeshewa mvua wanakuwa wa kuku. Katika mgawanyo huo wa kila siku, mezani kwangu hapakuwa na fungu. Wazuri ni mtaji. Wabaya ni wa kuku. Na mtu aliyeshinda na harufu ya dagaa kwenye nywele na kanga, akirudi nyumbani jioni hana hamu ya kumwona dagaa kwenye sufuria. Nilikuwa nanunua robo ya nyama Jumapili, tukala wakubwa, mtoto akapewa mchuzi.

Kulikuwa na mengine. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, alinionya kuwa mtoto akila samaki kabla hajaanza kusema atachelewa kuongea, kwa kuwa samaki ni bubu. Sikuamini kwa moyo wote, lakini sikutaka kuwa mimi wa kujaribu. Na mifupa niliiogopa.

Ofisa lishe akanieleza kwa namna ninayoikumbuka hadi leo, kwa sababu alitumia vitu ninavyovijua. Mtoto anazaliwa na akiba ya chuma, madini yanayotengeneza damu, aliyoichota kwa mama yake tumboni. Akiba hiyo inamtosha takribani miezi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, ingawa hicho kidogo mtoto anakinyonya vizuri, ndiyo maana miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanatosha. Baada ya hapo mtoto anakua mbio, damu inatakiwa iongezeke pamoja na mwili, na akiba imekwisha. Lazima chuma kitoke kwenye kijiko. Kama kwenye kijiko hakuna, hakuna kwingine. Chuma cha nyama, maini na samaki mwili unakichukua kwa urahisi. Cha maharage, nafaka na majani kipo, lakini kinatoka kwa shida, na kinahitaji msaada wa vitamini C katika mlo uleule: chungwa, pera, papai, embe, nyanya, ndimu. Chai inakifunga. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo, tena yanazuia kile kilichoko kwenye chakula, na kwa mtoto chini ya mwaka yanaweza hata kuuchubua utumbo ukavuja damu kidogokidogo bila kuonekana. Mimi nilimwanzishia maziwa ya ng'ombe akiwa na miezi minne, niliporudi sokoni. Kwa mapenzi kabisa. Nilinunua yale ya bei.

Naye dagaa analiwa mzima, kichwa, mfupa na maini yake, kwa hiyo kwa kijiko kimoja mtoto anapata chuma, zinki, kalisi na vitamini B12 ambayo mimea haina. Nilikuwa nasikiliza huku nayaona magunia yangu.

Kabla sijafika kwenye mapishi lazima nirudi nyuma, kwenye mimba, maana upungufu huu haukuanzia kwenye uji. Nikiwa na mimba yake nilikula udongo. Ule uliokaushwa unaouzwa sokoni, tunaouita pemba. Nilianza na kipande, nikafika mahali natembea nao kwenye mkoba. Watu huchukulia kama hamu ya kawaida ya wajawazito. Kumbe hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu ni ndogo, na udongo wenyewe ukifika tumboni unakamata chuma kisiingie mwilini, basi kadiri unavyokula ndivyo unavyozidi kuutamani. Mwanangu kukwangua ukuta ilikuwa dalili ileile, nami sikuitambua. Vidonge vya kuongeza damu nilipewa kliniki kila mwezi. Vilinitia kichefuchefu, na mara nilizomeza nilimeza kwa chai ya maziwa. Vingine bado vilikuwa kabatini mtoto alipolazwa. Nesi aliyeniambia nami nikapime hakukosea: nilikuwa na 9.1.

Niseme na lile la dawa. Wiki tatu kabla ya kliniki nilikuwa nimepita duka moja la dawa nikasema mtoto amelegea, nikauziwa chupa ya dawa ya kuongeza damu bila kipimo chochote, nikampa siku nne, akaharisha, nikaacha. Hospitalini daktari alinikanya kwa utulivu. Chuma ni dawa yenye nguvu. Kule kisiwani Pemba kulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2006: watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi bila kuchaguliwa kwa vipimo, katika eneo lenye malaria nyingi, walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, wakachunguzwa na kutibiwa malaria mapema, walinufaika. Kwa hiyo kipimo kwanza, na malaria idhibitiwe. Na chupa iwekwe juu kabisa, mbali na watoto, kwa sababu akiinywa yote kama juisi inaweza kumuua.

Akapewa chuma chake kwa uzito wake, miezi mitatu. Choo kikawa cheusi, nilikuwa nimeshaambiwa, sikushtuka. Akapewa dawa ya minyoo. Nikapewa tarehe ya kurudi baada ya siku kumi na nne.

Sasa nyumbani. Nilirudi na karatasi nikataka kumsomea binti maagizo mapya kama ninavyosoma hesabu za mzigo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, bibi yangu alikuwa hatupi uji wa sembe. Alikuwa anaotesha ulezi." Ana miaka ishirini, amekaa kwangu karibu miaka miwili, na sikuwa nimewahi kumuuliza kwao watoto wanalishwaje.

Tukafanya alivyofanya bibi yake. Ulezi unachambuliwa, unaoshwa, unalowekwa usiku kucha. Asubuhi unamwagwa maji, unatandazwa juu ya kitambaa safi chenye unyevu, unafunikwa, unanyunyiziwa. Siku ya pili au ya tatu unachipua. Unaanikwa juani hadi ukauke kabisa, unasuguliwa ili vichipukizi vitoke, unasagwa. Huo ni unga wa kimea. Sufuriani unapika uji mzito wa unga wa kawaida, uzito wa kusimamisha mwiko, unaupoza kidogo hadi uwe vuguvugu, unatia kijiko cha kimea na kukoroga. Unaona kwa macho yako uji unalegea na kuwa laini, hujaongeza hata tone la maji. Kisha unauchemsha tena. Niliposimulia hilo kliniki, ofisa lishe alifurahi sana. Tumbo la mtoto wa mwaka ni dogo kama ngumi, akasema, ukilijaza uji wa maji umelijaza maji. Na nafaka ikiota, zile kemikali za kwenye ganda zinazofunga chuma zinapungua.

Hapa niseme ninavyoamini kuhusu unga wa lishe tunaouziwa mitaani, wenye nafaka nane, soya, karanga, ngano, mchele, kila kitu. Siukubali. Wingi wa nafaka hauleti chuma, unaongeza hivyo vizuizi. Soya isiyoivishwa vizuri inasumbua usagaji wa chakula tumboni. Karanga zilizokaa vibaya huweza kuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Nafaka moja, au mbili, iliyoandaliwa vizuri, halafu kitu chenye damu au mfupa ndani yake, inamfaa mtoto kuliko mchanganyiko wa kujivunia.

Dagaa nilichagua mwenyewe, na nilichagua kama ninavyomchagulia mteja mgumu. Waliokaushwa juu ya vichanja, si waliomwagwa mchangani. Wa mchangani unawaosha mara tano na bado unasikia kichanga jinoni, na wengi huwakata vichwa na kuwatoa matumbo ili wasafishe, wakitupa sehemu nzuri. Tuliwaosha haraka kwa maji ya moto, tukawaanika tena, tukawakaanga bila mafuta hadi wakawa wakavu wa kuvunjika, tukatwanga kwenye kinu, tukachekecha kwa chekecheo la chai. Unga unakaa kwenye kopo lenye mfuniko, kidogokidogo, wa wiki mbili tu, maana ukipata unyevu unaota ukungu.

Siku ya kwanza akautema. Tulitia kijiko kizima cha chakula kwenye uji wa sukari, na harufu yake ilinishinda hata mimi. Siku ya pili akageuza uso. Binti akaacha uji kabisa, akaponda viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, akakaanga nyanya na kitunguu, akatia unga wa dagaa kijiko cha chai, akakamulia ndimu, akachanganya. Akala vijiko vitatu. Baada ya juma moja alikuwa anamaliza kibakuli. Tukapandisha hadi kijiko cha chakula, asubuhi na jioni. Uji ukabaki bila dagaa na bila maziwa, na sukari tukaiondoa, akapewa kipande cha papai au pera baadaye. Machungwa ya Ukerewe yakifika tunanunua mengi. Mara moja kwa wiki maini, kipande kidogo kilichoiva vizuri na kupondwa. Maharage siku nyingine, yamelowekwa usiku na maji yake yamemwagwa. Majani ya kunde au mchicha, pamoja na nyanya. Chai ilikoma, ya maziwa na ya rangi. Nilimwendeleza kunyonya usiku na alfajiri, hadi alipotimiza miaka miwili.

Wote walionitembelea walileta ushauri wa vitu vyekundu. Juisi ya rozela, bitruti, soda nyekundu. Mama mkwe alisafiri kutoka Sengerema na fungu la rozela, akampakata mjukuu wake, "ng'wanawane," yaani mwanangu, akamtazama machoni kwa muda mrefu. Sikumvunja moyo. Tulikunywa rozela sisi wakubwa. Lakini naomba mama mwenzangu anisikie hapa: damu ni nyekundu kwa sababu ya chuma kilichomo, haiwi nyekundu kwa kunywa kitu chekundu. Muda na fedha vinavyokwenda kwenye soda nyekundu vingenunua dagaa wa wiki mbili.

Kuna jambo moja nilifanya ambalo kulisema kunaniumiza kuliko udongo. Chandarua chenye dawa nilichopewa kliniki alipochanjwa surua, miezi tisa, sikukitundika. Mvua zilikuwa zimeanza, mzigo wangu ulikuwa umeloa, nikakitandaza barazani nikaanikia dagaa. Wenzangu wengi hufanya hivyo, kimefumwa vizuri, hewa inapita. Malaria ile aliyougua kabla ya kliniki ilikuja baada ya hapo. Kila kidudu cha malaria kinaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuipasua kikitoka, kwa hiyo hata ungemlisha maini kila siku, mbu wanaweza kukurudisha ulikotoka. Na dagaa waliolala juu ya dawa ya mbu nilimuuzia mtu. Nilinunua nyavu za kuanikia. Chandarua kipya kiko juu ya kitanda, na nakichomeka mwenyewe usiku.

Dada yake naye, wa darasa la pili, nilimzuia kuoga ziwani. Amekasirika, maana wenzake wote wanashinda majini. Kichocho cha huku kwetu kinaingia kwa ngozi tu, ukisimama kwenye maji yenye konokono, na kinavujisha damu tumboni polepole. Alimeza dawa zake shuleni. Bado ananuna.

Baada ya siku kumi na nne: 7.5. Mwezi mmoja: 8.6. Nilidhani itapanda kwa kishindo, haikuwa hivyo, na kuna wiki nilikata tamaa. Lakini kabla mashine haijasema chochote kikubwa, ukuta ulikuwa umesema. Karibu na wiki ya tatu binti alinipigia simu sokoni, nikashtuka, nikadhani amezidiwa. "Dada, amepita pale kwenye ukuta, hajausogelea." Juma lililofuata alipanda juu ya stuli, akaanguka, akapanda tena. Miezi mitatu: 11.3. Daktari akasema tusiache dawa siku ileile tuliyoona namba, akamwongezea wiki kadhaa, ili akiba ijae na si damu peke yake.

Na ameongea. Neno lake la tatu, baada ya mama na dada, lilikuwa "gaa", akinyooshea kopo. Yule jirani yangu alikuwepo, akacheka hadi akajifuta machozi, akaomba nimwelekeze namna ya kukaanga. Sasa mjukuu wake analishwa hivyo.

Ofisa lishe aliwahi kuja kwenye mkutano wa mtaa wetu akasema kwamba katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, watoto 58 kati ya 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Watu waliguna. Mimi niliangalia akina mama tuliokaa safu ya mbele, wengi wa Mwaloni, tukiwa na watoto mapajani, nikaanza kukunjua viganja vya waliokuwa karibu nami kimoja kimoja. Watatu nikawaambia waende kliniki kesho yake. Mmoja alikasirika, akaniuliza nimekuwa daktari lini. Wawili walienda.

Siku hizi mzigo ukifika, kabla gunia la kwanza halijashonwa, natoa kopo mbili za wale wazuri, naziweka kando chini ya meza. Moja ya kwangu. Nyingine ya binti, anapeleka kwao Bunda kwa mtoto wa dada yake, na nimeacha kuihesabu kama hasara.

Nina mimba ya miezi mitano. Damu yangu mwezi uliopita ilikuwa 10.8, mkunga anaitaka ifike 11. Vidonge nameza usiku kwa maji, au kwa juisi ya chungwa, wakati wa kulala, na kile kichefuchefu kinapita nikiwa usingizini. Udongo niliutamani wiki ya nane, nikaenda kupima badala ya kununua. Nimeshamwomba mkunga, siku ikifika, kama mimi na mtoto tuko salama asikate kitovu harakaharaka, asubiri dakika moja hadi tatu, damu iliyobaki kwenye kondo imwingie mwenyewe kwanza. Akasema ndivyo wanavyofanya, niliandike tu kwenye kadi ili wa zamu asisahau. Nimeandika. Vidonge vimebaki sita, Jumatano narudi kuchukua vingine.